Kandambili za Kufungulia Friji

Kwa miaka minne, mbele ya friji letu palikaa jozi ya kandambili za buluu ambazo hakuna aliyezivaa kwenda nazo popote. Zilikuwa za kufungulia friji. Aliyetaka maji ya baridi alizitia miguuni, akavuta mlango, akachukua chupa, akafunga, kisha akazivua na kuziacha hapo hapo kwa ajili ya anayefuata. Sikumbuki zilianza lini kukaa pale wala nani aliyeziweka. Nakumbuka tu kwamba friji lilikuwa "linatekenya", na kwamba ukivaa kandambili halitekenyi.

Jumapili moja baada ya Pasaka dada yangu alikuja kutusalimia akiwa na mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikuwa uani akichezea maji ya bomba, akaingia jikoni pekupeku, nyayo zimelowa, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Tulisikia ukelele mmoja mfupi, kisha kishindo cha mtu aliyeangukia makalio. Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, bado hajaanza kulia, ananitazama.

"Mjomba, friji lako limenipiga."

Mama yangu alinipita, akamwinua, akampangusa vumbi, akamwambia kwa upole wote alio nao: "Si ungevaa ndala, mjukuu wangu?"

Hakuna aliyeshtushwa na maneno yale. Dada hakushtuka, mke wangu hakushtuka, nami sikushtuka. Tulimpa mtoto soda, akanyamaza, tukarudi mezani. Ni usiku, taa zimeshazimwa, ndipo maneno ya mama yaliponirudia, na tangu hapo hayakuniacha kwa wiki kadhaa.

Tulikuwa tumemlaumu mtoto kwa kugusa friji.

## Kutekenya

Neno hili ndilo lililotuharibia. Linachekesha kidogo, linamfanya mtu afikirie vidole vya mtoto ubavuni, na kwa sababu hiyo lilitupa ruhusa ya kuishi na kitu ambacho tungekiita kwa jina lake tusingekivumilia hata siku moja. Umeme ulikuwa ukitoka kwenye friji, ukipita ndani ya miili yetu, ukienda ardhini.

Mtu mzima huanza kuuhisi umeme wa nyumbani unapofikia kama miliampia moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampia, kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Ukifika kama miliampia kumi, misuli ya mkono hukaza yenyewe, na kwa kuwa misuli inayofumba kiganja ina nguvu kuliko inayokifumbua, mtu hukishika zaidi kile kinachomdhuru, huku akili yake ikitaka kukiachia. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima jambo hili kwa watu wazima waliojitolea, akapata wastani wa miliampia 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake kuwa ndio mpaka wa kuweza kuachia. Ukizidi hapo, kifua nacho hukaza na pumzi hukwama. Ukifika miliampia hamsini, mia moja, ukapita kifuani kwa muda unaokaribia au kuzidi sekunde moja, moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kubaki ukitetemeka tu bila kusukuma damu.

Kilichoninyima usingizi ni nafasi iliyopo kati ya namba hizo. Kutoka kutekenywa hadi kunaswa ni mara kumi tu. Na tofauti kati ya ngozi kavu na ngozi iliyolowa, kati ya kandambili za mpira na nyayo zilizotoka kwenye maji ya bomba, yaweza kuzidi mara kumi kwa urahisi kabisa. Mwili uliolowa unaweza kuuzuia umeme kwa omu elfu moja tu (omu ni kipimo cha kuzuia huko), na volti 230 zikikutana na omu elfu moja zinapitisha miliampia 230.

Friji halikuwa na shoti ndogo. Lilikuwa na shoti, na udogo wake ulikuwa miguuni mwetu.

## Plagi na kalamu

Jumatatu jioni nililisogeza friji na kukaa nyuma yake na tochi. Tulilinunua likiwa limetumika, limetoka Ulaya, na plagi yake ilikuwa ile ya miguu miwili ya mviringo, yenye vibati viwili vya chuma ubavuni. Soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe, zenye vifuniko vya ndani ambavyo havifunguki mpaka mguu mrefu wa juu uingie. Siku ya kwanza ya friji lile nilifanya wanachofanya wengi: nilichomeka kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vikafunguka, nikaisukuma miguu miwili ikaingia. Friji likawaka, tukashangilia.

Vile vibati vya ubavuni vilikuwa vya waya wa ardhi. Kwenye soketi yetu havikuwa na cha kugusana nacho. Kwa miaka minne, mwili wa chuma wa friji ulikuwa hauna njia yoyote ya kuupeleka umeme unaovuja, isipokuwa kumsubiri mtu.

Kuna jambo jingine nililolikumbuka nikiwa nimechuchumaa pale, likanipa haya. Mwaka wa kwanza, kutekenya kulipozidi, jirani aliniambia nigeuze plagi, mguu wa kushoto uende kulia. Niligeuza, makali yakapungua sana, nikamshukuru. Sasa wiki ile ya Pasaka tulilisogeza friji ili tufagie nyuma yake, na aliyerudisha plagi hakuangalia upande, kwa sababu hatukuwahi kumwambia mtu kwamba ina upande.

Kesho yake nilinunua plagi nzuri ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 13, nikafunga waya wa kahawia kwenye moto, umeme unakotoka, wa buluu kwenye nyutro, unakorudi, wa kijani na njano kwenye ardhi, nikakaza skrubu zote mara mbili. Nilijisikia kama mtu aliyelipa deni.

## Kitufe chenye herufi T

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaamka, sikutaka kuishia kwenye plagi. Kwenye boksi la umeme, jirani na mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kuna kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Ikiona kwamba kinachorudi ni pungufu, inajua kimepotelea njiani, huenda ndani ya mtu, na ya kwetu imeandikwa miliampia 30: upungufu ukifika hapo, inakata nyumba nzima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Breka za kawaida haziwezi kazi hii. Breka ya ampia 32 inailinda nyaya isiungue, na miliampia 230 zinazomuua mtu ni kitu isichokiona kabisa.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Nilikibonyeza kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii. Ikakata, tak, giza. Nikairudisha, taa zikawaka, nikamwambia mke wangu kwamba mambo yote yako sawa.

Nilikuwa nimepima kitu kimoja, nikatoa hukumu juu ya vitu vitatu. Kitufe kile kinatengeneza upungufu wa bandia ndani ya kifaa chenyewe ili kuona kama mashine yake inakata. Hakigusi waya wa ardhi, hakijui kama upo, wala hakiulizi friji lina hali gani. Kingeweza kukata vizuri vile vile katika nyumba isiyo na waya wa ardhi hata mmoja.

## Jagi

Alhamisi ya wiki ile ile mke wangu alikuwa ametoka kupiga deki jikoni. Sakafu ilikuwa inang'aa maji, naye alikuwa pekupeku. Akanyoosha mkono kuchukua jagi la umeme, jagi la chuma ambalo halikuwa na miezi mitatu na halikuwahi kumtekenya mtu.

Nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayetaka kuita na pumzi haitoki. Mkono ulikuwa umekakamaa kwenye mshikio wa chuma. Sijui ni sekunde moja au mbili. Mwili wake ukaelemea nyuma, mkono ukachomoka, jagi likaanguka. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na mkono nimeunyoosha ili nimshike.

Namshukuru Mungu kwamba uzito wake ulimwondoa kabla sijamfikia, kwa sababu ningemshika. Nilikuwa nimesoma usiku mbili nzima kwamba aliyenaswa hashikwi, kwamba unakimbilia mein swichi kwanza, na ukiwa mbali nayo unatumia mti mkavu au kiti cha plastiki kumtenganisha na umeme, na hata hivyo mkono wangu ulikwenda kwake. Mama alifanya hivyo hivyo kwa mjukuu wake, akamwinua akiwa ameegemea friji. Siamini kwamba kusoma peke yake kunauzuia mkono wa mtu anayependa. Siku hizi nyumbani kwetu tunajizoeza: nikisema "umeme", kila mtu anaelekea kwenye boksi, na mama naye anaelekea huko.

Tulimpeleka hospitali apimwe mapigo ya moyo, ingawa alisema yuko salama, kwa kuwa moyo uliopitiwa na umeme unaweza kuvurugika baadaye. Alikutwa mzima. Mkono ulikufa ganzi mpaka usiku.

Nilizima mein swichi na nyumba ikalala gizani. Sikuelewa. Friji nililitengeneza, jagi lilikuwa jipya, RCD ilikata vizuri nilipoibonyeza. Niliogopa zaidi ya Jumapili ile, kwa kuwa Jumapili nilijua nani adui.

## Namba tatu

Fundi niliyempata ni mzee wa makamo, ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na mkoba wa ngozi uliochakaa, na anaongea kidogo. Kitu cha kwanza alichokifanya kilinishangaza. Aliwasha umeme, akauliza ni soketi ipi inayofanya kazi bila shaka yoyote, akachomeka mita yake kwenye soketi ya redio huku redio ikiimba, akasoma, akaitoa.

"Kwanza nijue mita yangu iko hai," alisema. "Mita iliyokufa na waya uliokufa zinasoma sawa."

Hilo nitalirudia. Kisha akaenda jikoni, friji likiwa limechomekwa kwa plagi yangu mpya, akapima soketi ya pembeni yake kwa njia tatu, na baada ya kila moja akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Moto na nyutro: 231.

Moto na ardhi: 68.

Nyutro na ardhi: 163.

Katika nyumba isiyo na hitilafu, namba hizi zinatakiwa zisome kama 230, 230, na sifuri au volti chache. Fundi alitazama kiganja chake kwa muda, akapima tena, akapata zile zile. Nilijumlisha kichwani 68 na 163, nikapata 231, nikahisi ubaridi mgongoni kabla sijaelewa maana yake.

"Kaka, nyumba hii haina ardhi," alisema. "Na ardhi uliyo nayo ina volti 163."

Alinieleza akiwa amesimama, mkono mmoja mfukoni, kama alivyofanya kwa kila kipimo, ili umeme ukikosea njia usipite kutoka mkono hadi mkono katikati ya kifua. Waya za ardhi za soketi zote hukutana kwenye kipande kimoja cha shaba ndani ya boksi, na kipande hicho hushuka kwa waya mnene hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Waya huo mnene ukikatika, kipande kile kinabaki kimeunganisha vyuma vyote vya nyumba, kila kimoja na mwenzake, na hakiviunganishi na ardhi. Chombo kimoja kikivuja, vyote vinavuja.

Plagi yangu mpya, niliyoifunga kwa uangalifu wote, ilikuwa imelitoa friji kwenye upweke wake na kulifunga na jagi, pasi, mashine ya kufulia na pampu ya maji. Mke wangu alipigwa na friji kupitia jagi.

Hata siri ya kugeuza plagi ilijibiwa na kiganja cha fundi. Umeme ulikuwa unavujia ndani ya kompresa, mota ya friji, mahali fulani katikati ya koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, si mwanzoni wala mwishoni. Plagi ikiwa upande mmoja, mwili wa friji ulisimama kwenye volti 163. Ukiigeuza, ulisimama kwenye 68. Jirani yangu hakunidanganya kuhusu makali. Alinipa friji lenye volti chache zaidi, nami nikaliita friji zima.

## Chini ya vitofali

Tuliufuata waya wa ardhi kutoka kwenye boksi. Ulishuka ukutani nje, ukapita nyuma ya bomba la maji ya mvua, ukaingia chini ya vitofali vya uani.

Vitofali vile niliviweka mimi miaka miwili iliyopita.

Fundi alipong'oa cha tano, tukaukuta mwisho wake, ncha ya shaba iliyogeuka kijani, imepindwa kama iliyokatwa kwa sululu. Fimbo ilikuwa karibu hatua moja kutoka hapo, na kwenye kishikizo chake kulikuwa na kipande kingine cha waya chenye urefu wa kidole. Na hapo nikakumbuka, kwa uwazi wa kuumiza, kijana aliyekuwa akichimba akiinua kichwa na kuniuliza: "Bosi, huu waya ni wa nini?" Nilikuwa kwenye simu. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba aendelee tu.

Kijana yule aliuliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani kwetu kwa miaka minne, na jibu lake lilikuwa mkono wangu.

## Fimbo na RCD

Nilidhani kazi imeisha tukiunganisha waya. Fundi alipiga vijiti viwili ardhini kwa umbali, akafunga kipimo chake, akasoma ukinzani wa fimbo: omu 38. Nikauliza kama hiyo ni nzuri. Akasema inategemea nina nini kingine, na kwamba kiangazi, udongo ukikauka, itapanda.

Nilikaa na hesabu ile usiku. Tuseme waya wa moto umeangukia kabisa kwenye mwili wa friji, na friji lina ardhi nzuri ya omu 38. Volti 230 ukizigawa kwa 38 unapata ampia sita. Fyuzi ya ampia 13 haitaungua kwa ampia sita. Breka ya 32 haitatikisika. Umeme utaendelea kutiririka ardhini mchana na usiku, na friji litabaki na volti zinazoua, huku kila mtu akiamini kwamba nyumba ina ardhi na breka. Lakini RCD ya miliampia 30 ingekuwa imekata kabla mtu hajafika jikoni. Kinyume chake pia ni kweli. RCD bila ardhi inamsubiri mtu awe ndiye njia, na umeme unaopita ndani yake ukikaa chini ya kiwango chake, haifanyi lolote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mke wangu: koili iliyovuja, mwili wake na sakafu vilizuia umeme kiasi cha kutofika miliampia 30, ukabaki pale pabaya ambapo mkono hauachii na RCD haikati. RCD haijui kama miliampia 15 zinapita kwenye waya au kwenye kifua cha mtu.

Dalziel huyo huyo ndiye aliyebuni, mwaka 1961, kikata umeme cha Marekani kinachokata kwa upungufu mdogo zaidi, chini ya mpaka wa kuachia. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini alianza kwa kupima mikono ya watu.

Waya ulipounganishwa, fundi aliwasha mein swichi, akachomeka friji.

Tak. Giza.

Akalichomoa, akawasha, akalichomeka. Tak.

"Sasa linajisema lenyewe," alisema.

Akalipima kwa kile wanachokiita mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kuuliza kama kuna njia kati ya koili na mwili wa chuma. Chombo kizima kinatakiwa kuzuia kwa omu milioni moja au zaidi. Friji letu lilizuia kwa kama omu elfu tano. Nikamuuliza kama kompresa inatengenezeka; akaniambia inabadilishwa, haitengenezwi.

## Testa mfukoni

Kuna mtu mwingine katika habari hii. Mwaka ule wa kwanza, kabla ya ushauri wa kugeuza plagi, nilimwita kijana wa mtaani anayejua umeme. Alitoa bisibisi ya testa mfukoni, akaigusa kwenye mlango wa friji, kidole kwenye kichwa cha bisibisi, akasema, "Hamna kitu, haiwaki." Alikuwa amevaa raba nene. Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la jikoni.

Ndani ya testa kuna kitaa kidogo cha neoni na kizuizi kikubwa, na kinachokiwasha ni umeme mdogo sana unaopita ndani ya aliyeishika kuelekea ardhini. Ukiwa umejitenga na ardhi kwa viatu vizuri, kinaweza kuwaka kwa unyonge. Kwenye mwanga wa jua mwako huo hauonekani. Kitaa kikiwa kimekufa hakiwaki popote, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna aliyekijaribu kwanza kwenye soketi inayowaka. Testa pia inaweza kuwaka kwenye nyutro iliyokatika huko mbele, mtu akachanganyikiwa kabisa. Ikiwaka, ina jambo la kukuambia. Isipowaka, haijasema chochote.

Rangi nazo zina udhaifu huo huo. Nyumba yetu ina nyaya za zamani, nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, na chumba tulichoongeza kina kahawia na buluu. Kwenye mfumo wa faza tatu, yaani wenye nyaya tatu za moto, nyeusi iliyokuwa nyutro ya zamani ni faza katika rangi mpya, na buluu iliyokuwa faza sasa ni nyutro. Fundi hakuwahi kutaja rangi hata mara moja alipokuwa akifanya kazi. Aliipima mita yake kwenye soketi ya redio, akapima alichotaka, akarudi tena kwenye redio kuhakikisha kwamba mita haikufa katikati. Kila mara, bila haraka, hata pale alipozima mein swichi kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo wa boksi uko mfukoni mwake: redio kabla ya kuzima, redio tena baada ya kuwasha.

Nimenunua mita yangu. Napima soketi, basi, boksi silifungui. Na kabla ya kuchomeka naangalia mara mbili kwamba waya mwekundu uko kwenye tundu la volti, kwa kuwa ukiwa kwenye tundu la ampia, mita inakuwa sawa na kipande cha waya kati ya moto na nyutro, na inaweza kulipuka mkononi.

## Bei ya friji

Friji lilikaa uani siku tisa. Mwenye kibanda cha maji na soda barabarani, mtu ninayemheshimu na ambaye ameniuzia kwa mkopo mara nyingi, aliliona akaja kuniuliza bei. Nikamwambia haliuzwi, ni bovu. Akauliza: linagandisha? Nikasema linagandisha. Akanipa laki moja na nusu pale pale, mkononi.

Nilimweleza yote, volti, koili, mke wangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kaka, kwangu tutavaa ndala."

Niliingia ndani nikachukua koleo, nikaukata waya wa friji mbele yake, karibu kabisa na kompresa, mahali ambapo hauungiki. Hakufurahi. Aliniona mtu anayeharibu mali akiwa na jirani mwenye shida, nami sikupata maneno ya kumfanya aone ninachokiona. Wanunuzi wa chuma chakavu walilichukua kwa bei ndogo.

Juzi nilipita kununua maji. Amepata friji jingine, la zamani, jeupe, linapiga kelele kidogo. Waya wake unatoka kwenye ekstensheni iliyovutwa kutoka saluni ya jirani, na plagi yake ni ya miguu miwili ya mviringo. Alipogeuka kunichukulia chupa nilitazama chini. Alikuwa amekanyaga kipande cha zulia la mpira la gari kilichokatwa kwa kisu, kimewekwa sawasawa mbele ya mlango.

Nilimuuliza kama Jumamosi naweza kuja na mita. Alifikiri kidogo, akafuta chupa kwa kitambaa, akanipa.

"Njoo asubuhi," alisema, "kabla wateja hawajaanza."